Umejuaje? Swali ambalo nilihitimu bila kujifunza kuliuliza

Naandika kutoka Kisenge.

Wengi wenu hamjafika hapa. Kisenge ni mji mdogo wa manganizi, upande wa magharibi wa jimbo la Lualaba, njia ya kuelekea Dilolo na mpaka wa Angola. Mimi ni mtoto wa hapa. Masomo ya juu nilifanyia Kolwezi, na sasa ni asistenti katika taasisi moja hukohuko. Wakati wa likizo narudi nyumbani, kama hivi sasa ninavyoandika, simu mkononi na mtandao unaokuja na kuondoka.

Leo nataka tuongee juu ya kitu ambacho kila mtu anakitaja kwenye hotuba za kukabidhi diploma, lakini ni wachache wanaotuonyesha jinsi ya kukipata: fikra tunduizi. Yaani kufikiri kwa kuuliza na kupima, badala ya kubeba tu tulichopewa. Nitaeleza ni kitu gani, kwa nini masomo yetu mara nyingi hayatupi, na namna kozi za kawaida kabisa, hizihizi tulizo nazo, zinavyoweza kutufundisha. Ila nitaanza na aibu yangu mwenyewe, kwa sababu bila hiyo aibu nisingeandika.

Siku niliyosoma vizuri na kukosea

Mwaka niliomaliza lisanse, diploma yenyewe bado haijatoka (mnajua mambo hayo), wazee wa kijiji kimoja cha jirani walinitumia mtu. Kuna kampuni imeleta karatasi, wakasema, na karatasi ni ya Kifaransa. Njoo utusomee, weye mtu wa masomo.

Nilivaa shati safi, nikaenda. Ile karatasi ilikuwa kaye de sharji, lile daftari la ahadi ambalo sheria ya madini inaitaka kampuni ikubaliane na watu wanaokaa karibu na mgodi. Nikasimama chini ya mwembe, nikasoma kipande kwa kipande na kutafsiri. Pompe ya maji. Vyumba sita vya masomo. Kituo cha afya. Kila ahadi watu wanapiga makofi. Nikamaliza, nikafunga daftari, na mimi nikapata makofi yangu.

Mama mmoja mzee, amekaa nyuma na mjukuu mgongoni, akainua mkono.

“Mwana wangu, ile pompe ikiharibika, ni nani atayitengeneza?”

Nikafungua tena. Nikapekua mbele, nikapekua nyuma. Hakuna.

“Haikuandikwa hapa, mama.”

“Na ile masomo, watayijenga mwaka gani?”

Nikapekua tena. Hakuna mwaka.

“Haikuandikwa pia, mama.”

Akanitazama kwa huruma kabisa, bila kejeli. “Sasa weye ulisoma nini?”

Watu walicheka, na mimi nikacheka. Lakini mzee mmoja akaniuliza kama kwa jumla karatasi ni nzuri, na mimi, kwa kuogopa kuonekana sijui, nikasema ndiyo, ni nzuri. Wiki ile ikasainiwa. Pompe ilikuja kweli. Msimu wa pili wa mvua ikavunjika, hakukuwa na mtu wa kuitengeneza, na wamama wakarudi mtoni na mabidoni yao. Yule mama pia.

Swali lake lilikuwa na maana mbili, na zote mbili zilinichoma. Ulisoma nini kwenye hiyo karatasi? Na kule chuo miaka yote, ulisoma nini?

Fikra tunduizi ni nini, na si nini

Wengine wakisikia neno hili wanafikiri ni kubisha. Ni yule kijana anayepinga kila kitu kwenye mkutano ili aonekane ana akili. Hapana. Mtu anayekataa kila kitu na mtu anayekubali kila kitu wanafanana: wote wawili hawakupima.

Mimi naieleza hivi. Kabla hujabeba sentensi na kuipeleka kwa mwingine, unaigeuza mkononi kama mtu anayenunua embe sokoni. Unajiuliza maswali matano:

Nani anasema, na anapata nini nikiamini?
Amejuaje? Aliona, alihesabu, aliambiwa, au anakisia?
Ni nini ambacho hakikusemwa?
Je, kuna maelezo mengine yanayoweza kufaa ukweli uleule?
Ni kitu gani kingenifanya nibadilishe mawazo?

Angalieni yule mama. Hakwenda chuo. Lakini alitumia swali la tatu bila kufundishwa na mtu, kwa sababu ni yeye anayebeba maji. Mimi nilisikiliza kilichoandikwa, yeye alisikiliza kilichokosekana. Kwa hiyo tusidanganyike kwamba chuo ndicho kinacholeta akili hii kwa watu wasio nayo. Watu wanakuja nayo. Kazi ya chuo ni kuinoa, kuipa vifaa vya kutafuta ushahidi na kuiandika vizuri. Na chuo kinaweza pia kuizima.

Jinsi inavyozimwa

Mnajua wenyewe. Mwaka unaanza, mnanunua silabusi. Mwalimu anasoma silabusi, sisi tunapigia mistari. Interro inakuja: taja sifa tano. Ukitaja nne na ya kwako moja uliyoifikiria, umepoteza pointi. Ukitaja tano zilezile kwa maneno yaleyale, unapata kumi na sita juu ya ishirini. Mtihani ukiisha tunamrudishia mwalimu vitu vyake vyote, kama mtu anayerudisha viti baada ya arusi, na nyumba inabaki tupu.

Mimi nilikuwa hodari kwenye mchezo huo. Nilipata distinksyo. Na TFC yangu, ile kazi ya kufunga mzunguko wa kwanza, niliifanya kama wengi walivyofanya: nikachukua TFC ya mkubwa wangu, nikabadilisha majina ya mahali. Kazi yake ilikuwa ya Likasi, yangu ya Kisenge. Siku ya kutetea nilikuwa natoka jasho, kwa sababu usiku uliotangulia niligundua ukurasa mmoja bado unasema “wakaaji wa Likasi”. Hakuna aliyeuona. Nilifurahi sana. Leo sifurahi.

Hili si tatizo la Kongo peke yake, wala si jipya. Mwaka 1967, miezi michache baada ya uhuru wa Tanganyika kutimiza miaka mitano, Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Moja ya malalamiko yake lilikuwa hilohilo: mitihani ilipima uwezo wa kukariri mambo na kuyatoa ndani ya muda uliowekwa, na si mara zote ilifanikiwa kupima uwezo wa kufikiri. Alitaka shule ijenge mambo matatu kwa mwanafunzi: akili ya kuuliza, uwezo wa kujifunza kwa wengine na kukataa au kubadilisha kisichomfaa, na kujiamini. Zaidi ya nusu karne imepita na bado tunaandika “taja sifa tano”.

Kwetu kuna mlango uliofunguliwa. Baada ya mkutano mkuu wa elimu ya juu uliofanyika Lubumbashi mwezi wa 9 mwaka 2021, vyuo vyetu viliingia kwenye mfumo wa LMD. Humo, saa za kazi binafsi za mwanafunzi zinahesabiwa kwenye kredi, pamoja na saa za kukaa kumsikiliza mwalimu. Kwa karatasi, basi, nafasi ya kufikiri ipo. Swali ni tunaijaza na nini. Tukiijaza na fotokopi, tumebadilisha jina tu.

Sasa niwaonyeshe mazoezi manne ambayo nimeyajaribu na wanafunzi wangu. Hayataki laboratwari wala pesa.

Zoezi la kwanza: sentensi moja, wiki moja

Nilipoanza kufundisha kozi ya mbinu za utafiti, nilichukua sentensi kutoka TFC yangu mwenyewe, nikaiandika ubaoni: “Mgodi wa Kisenge ulikufa kwa sababu ya vita vya Angola.” Nikawaambia: mimi ndiye niliyeandika. Ivunjeni.

Mwanzoni kimya. Nani atavunja sentensi ya mwalimu? Kisha binti mmoja akauliza, “Asistenti, ulijua namna gani?” Nikamwambia ukweli: nilisikia kwa wazee, na nikaikuta imeandikwa kwenye TFC nyingine. Akasema, “Na ile TFC nyingine yenyewe ilijua namna gani?” Darasa likaamka.

Tukaanza kupima. Ukweli wa kwanza tunao: manganizi ya Kisenge ilikuwa inatoka kwa treni, inapita Dilolo, inavuka mpaka, inafuata reli ya Benguela zaidi ya kilomita 1,300 hadi bandari ya Lobito kwenye bahari ya Atlantiki. Mwaka 1975 vita vya Angola viliikata reli hiyo. Manganizi ni mzigo mzito wenye bei ndogo kwa kila tani ukilinganisha na kobalti. Ukiupeleka kwa njia ndefu, gharama ya safari inakula faida yote. Kwa hiyo sentensi yangu haikuwa uongo. Vita viliufungia mgodi mlango wake.

Lakini je, ni sababu peke yake? Hapa nikawafundisha mbinu moja rahisi: iondoe sababu, uone kama matokeo nayo yanaondoka. Vita vya Angola viliisha mwaka 2002. Reli ilitengenezwa upya mpaka mji wa Luau, mpakani kwetu, ikafunguliwa rasmi mwaka 2015. Mwaka 2018 manganizi ya Kisenge ikasafiri tena kwenda Lobito kwa treni. Sasa tazama: kutoka amani hadi mzigo ule kuna miaka 16. Na baada ya hapo, je, Kisenge imerudi kuwa ile ambayo wazee wanaisimulia? Mimi nakaa hapa, naweza kuwaambia: hapana.

Kwa hiyo kuna sababu nyingine zilizofanya kazi pamoja na vita. Wanafunzi wakaanza kuzitaja, na kila moja nikawataka waseme wangeitafutia ushahidi wapi. Reli ya upande wa Kongo, kati ya Tenke na Dilolo, imechakaa: nenda kwa wafanyakazi wa reli. Mashine zilizokaa miaka mingi bila kazi: zungumza na mafundi wa zamani. Usimamizi wa kampuni ya serikali: tafuta ripoti. Bei ya manganizi duniani: tafuta takwimu za miaka ile.

Mwisho wa wiki sentensi ilikuwa imebadilika. Walioiandika upya waliandika kitu kama hiki: “Kukatika kwa reli ya Benguela mwaka 1975 kulinyima mgodi wa Kisenge njia yake ya kwenda baharini, lakini kuchelewa kwa mgodi kuamka hata baada ya reli ya Angola kufunguliwa kunaonyesha kwamba kulikuwa na vikwazo vingine, upande wetu pia.” Ni ndefu zaidi, haifai kupigiwa makofi. Lakini ina faida kubwa: sentensi ya kwanza inatufanya tukae tukiwalaumu jirani. Ya pili inatuonyesha pa kuanzia kazi.

Unaweza kufanya hivyo na sentensi yoyote inayopendwa kwenu. “Gécamines iliuawa na wizi.” Sawa, wizi ulikuwepo. Na kuporomoka kwa mgodi wa chini wa Kamoto mwezi wa 9 mwaka 1990? Na kufukuzwa kwa wafanyakazi wenye asili ya Kasai mwaka 1992 na 1993, pamoja na ujuzi wao wote? Na miaka ya kuchukua faida bila kununua mashine mpya? Mwanafunzi akipanga sababu hizo na kueleza uzito wa kila moja, ameshatoka kwenye kukariri.

Zoezi la pili: mashahidi wawili

Historia ya mkoa wetu imeandikwa sana na watu wa ofisi. Lakini ipo pia iliyoandikwa kutoka jikoni. Mwaka 1965, André Yav alikusanya kwa Kiswahili cha Lubumbashi historia ya mji wa Elisabethville kama walivyoijua waliokuwa wafanyakazi wa nyumbani mwa Wazungu. Mtaalamu Johannes Fabian aliichapisha pamoja na maelezo mwaka 1990. Ni Kiswahili chetu, si cha kwenye gramari. Na kinasimulia mambo ambayo ripoti za kampuni hazikuyaona, au hazikutaka kuyaona.

Je, Yav anasema kweli na ripoti inadanganya? Hilo ndilo kosa la haraka. Swali zuri ni: kila shahidi alikuwa amesimama wapi? Ripoti inaweza kujua tani ngapi zilitoka. Haiwezi kujua watu walisema nini usiku kambini. Mtumishi wa nyumbani anajua namna bwana alivyosema na watu, tani hazijui. Ukiwaweka pamoja, unaona zaidi.

Kwenye Chuo Kikuu cha Lubumbashi, wanahistoria kama Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wamefanya kazi kubwa ya kukusanya kumbukumbu za wafanyakazi wa migodi na familia zao. Kwa hiyo hatuanzi kutoka sifuri.

Mimi nawapa wanafunzi kazi hii: kati ya mwaka 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kwenye mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia, ukaitwa “kuondoka kwa hiari”. Nenda kwa mzee mmoja aliyeondoka wakati huo. Baba yako mdogo, jirani, yeyote. Mwamkie vizuri, kaa, usikimbilie kuuliza. Kisha sikiliza anavyosimulia. Rudi, soma maelezo rasmi ya mpango. Halafu andika kurasa mbili: wanakubaliana wapi, wanatofautiana wapi, na neno “hiari” lina maana gani kwa mtu ambaye hajalipwa mshahara kwa miezi mingi?

Mwanafunzi mmoja alirudi akaniambia, “Asistenti, babu yangu mwenyewe alikuwemo, na mimi sikuwahi kumuuliza.” Kazi yake ilikuwa na makosa mengi ya Kifaransa. Ilikuwa pia kazi bora ya mwaka ule.

Zoezi la tatu: hesabu ya ahadi

Hili nililitengeneza kwa ajili ya yule mama.

Sheria ya madini ya mwaka 2002 ilirekebishwa mwaka 2018. Katika marekebisho hayo, kampuni inatakiwa kutenga angalau 0.3% ya mauzo yake ya mwaka kwa miradi ya maendeleo ya jamii. Na kuhusu mrabaha, ile tozo ya thamani ya madini, sheria inaugawa hivi: 50% serikali kuu, 25% jimbo, 15% chombo cha utawala cha mahali mgodi ulipo, kama sheferi, sekta au komini, na 10% mfuko wa madini kwa ajili ya vizazi vijavyo.

Wengi wetu tumekariri namba hizi. Zoezi ni kuzitumia. Tuchukue mfano wa kubuni: kampuni inauza kwa dola milioni 20 kwa mwaka. 0.3% yake ni dola 60,000. Sasa wape wanafunzi daftari la ahadi la kubuni: masomo, kituo cha afya, pompe mbili, barabara ya kilomita nane. Kundi moja liende sokoni liulize bei ya simenti na mabati. Jingine limuulize fundi gharama ya pompe na vipuri vyake. Warudi wajibu: ahadi hizi zinaingia kwenye dola 60,000? Zikiingia, ni kwa miaka mingapi? Zisipoingia, basi ama kampuni inatoa zaidi ya kima cha chini, jambo jema, na iandikwe; ama kuna ahadi ambayo haitatimizwa, na ni afadhali kuijua leo.

Halafu kwa kila ahadi wajaze mistari mitano: nini, kiasi gani, lini, nani anasimamia, na kikiharibika nani anatengeneza. Palipo na nafasi tupu ndipo penye swali la kuuliza kabla ya kusaini. Kama ningekuwa na karatasi hiyo ya mistari mitano siku ile chini ya mwembe, pengine wamama wasingerudi mtoni.

Zoezi la nne: tetea usichokipenda

Kwetu Lualaba kuna jambo linalowasha moto haraka: wachimbaji wa mikono wanaoingia kwenye eneo la kampuni. Karibu kila mwanafunzi ana ndugu upande mmoja au mwingine. Ndiyo maana nalitumia.

Anayeona wachimbaji waondolewe, naye aandike ukurasa mmoja wa kuwatetea. Anayewatetea, aandike kwa ajili ya kampuni. Na kipimo chake ni kigumu: mtu wa upande ule asome na kusema, “Ndiyo, ndivyo ninavyosema mimi.” Akisema “Hapana, umenifanya mjinga,” unarudia.

Mara ya kwanza watu wanakasirika. Baadaye wanagundua kwamba walikuwa wanapigana na mtu waliyemchora wenyewe. Kutetea upande wa pili hakukulazimishi kuhamia huko. Kunakufanya ujue kwa nini hasa umebaki ulipo.

Pointi zifuate fikra

Mazoezi yote haya yatakufa kama mtihani wa mwisho utabaki “taja sifa tano”. Mwanafunzi ana akili. Anafuata pointi zilipo. Kwa hiyo mimi nagawa ishirini zangu hivi: tano kwa dai lililo wazi, tano kwa ushahidi na kueleza umetoka wapi, tano kwa kupima maelezo mengine, na tano kwa kusema mipaka ya kazi yako, yaani nini bado hujui na ungekitafuta vipi. Hizi tano za mwisho ndizo zinazoshangaza watu. “Kumbe nikisema sijui napata pointi?” Ndiyo. Ukisema sijui kwa namna ya mtu anayejua pa kutafuta.

Pia naruhusu kurekebisha kazi mara moja. Nasoma, naandika maswali matatu tu pembeni, narudisha. Mwanafunzi anaandika tena. Huko kwenye kuandika tena ndiko nimeona watu wakikua.

“Lakini Asistenti…”

Najua mtakavyosema.

Tuko mia tatu kwenye chumba kimoja. Kweli. Mwalimu hawezi kusoma kazi mia tatu kila wiki. Lakini makundi ya watu sita yanatoa kazi hamsini, na makundi yanaweza kupimana yenyewe kwa yale maswali matano kabla mwalimu hajagusa.

Hatuna vitabu. Kweli pia. Lakini angalieni mazoezi niliyoeleza: mzee, soko, fundi, sheria iliyo kwenye simu. Na kuhusu simu, najua pia mnaziuliza programu za akili mnemba ziwaandikie. Basi iulize juu ya Kisenge. Itakujibu kwa Kifaransa kizuri kuliko changu. Kisha iulize: umejuaje? Hapo utaona ni wapi kazi yako inaanzia.

Kumuuliza mwalimu ni kukosa adabu. Hili ndilo zito zaidi, na silichezei. Sisi ni watu wa heshima, na mimi sitaki kijana anayemwaibisha mkubwa mbele za watu. Lakini kuna namna. “Profesa, samahani, naomba unisaidie hapa: hii sifa ya tatu, tungeionaje kwa mfano wa kwetu?” Umeuliza, na umemheshimu. Nakiri si kila mwalimu atafurahi. Wengine watakukumbuka kwenye mtihani. Kama ndivyo alivyo, fanyeni nje: watu wanne, jioni moja kwa wiki, ukurasa mmoja wa silabusi, kila mtu alete swali moja ambalo ukurasa haujibu.

Na lugha. Kwa muda mrefu nilifikiri wanafunzi wangu hawana mawazo, kwa sababu walikuwa kimya. Siku moja nilichoka, nikasema, haya, tusemezane kwa Kiswahili. Chumba kikalipuka. Mawazo yalikuwepo, yalikuwa yanasubiri visa ya Kifaransa. Tangu hapo tunabishana kwa Kiswahili, au Kichokwe, au Kilunda ndani ya makundi, kisha tunaandika kwa Kifaransa kama chuo kinavyotaka. Kufikiri kwanza, kutafsiri baadaye.

Kabla sijafunga

Likizo hii vijana wa kile kijiji walikuja kwetu. Wanataka kuonana na kampuni juu ya zile ahadi za zamani. Waliniomba niwaandikie barua. Safari hii sikuvaa shati safi. Nikasema, tuketi wote, na yule mama tumwite.

Tukachukua daftari, tukachora mistari mitano. Mimi nilisoma Kifaransa, wao waliuliza. Tulitoka na maswali kumi na moja. Matano kati yake ni ya mama. Barua imeshapelekwa, jibu bado halijafika, na siwezi kuwaahidi kwamba litafika. Ila safari hii kila mtu aliyeweka jina lake anajua alichouliza na kwa nini.

Wewe unayesoma hapa, pengine wiki ijayo una TP ya kutoa au kazi ya kutetea. Chukua sentensi yako unayoipenda zaidi, ile unayofikiri ndiyo nzuri kuliko zote. Iandike kwenye karatasi peke yake, na chini yake andika neno moja: umejuaje? Ukiweza kujibu kwa mistari mitatu, kazi yako iko sawa. Ukishindwa, usiogope. Umeshapata pa kuanzia.